Miaka Inayonunuliwa Upya: Haki ya Mwenye Fleti Nchini Uingereza

Nchini Uingereza na Wales, mtu anayenunua fleti kwa kawaida hanunui jengo wala kiwanja lilipojengwa, bali hununua haki ya kukaa ndani ya kuta fulani kwa idadi ya miaka iliyoandikwa katika mkataba, huku paa, ngazi, misingi na ardhi yenyewe vikibaki kuwa mali ya mtu au kampuni nyingine. Huu ndio upangaji wa muda mrefu: mnunuzi, ijapokuwa amelipa bei kamili ya nyumba na pengine amejifunga kwa mkopo wa benki wa miaka 25 au 30, mbele ya sheria ni mpangaji, na yule aliyebaki na ardhi, ambaye umiliki wake hauna ukomo, ndiye mwenye ardhi. Nyumba za namna hii hukadiriwa kuwa karibu milioni 5, nyingi zikiwa fleti za mijini, na miongoni mwa wanaoishi humo wamo wasemaji wa Kiswahili waliohamia London na miji mingine ya nchi hiyo.

Msomaji wa Mombasa hatashangaa sana, kwa kuwa katika mitaa kama Majengo watu wameishi kwa vizazi kwa desturi ya nyumba bila ardhi, yaani nyumba ni ya mmoja na kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi yake. Tofauti ni kwamba mpangaji wa fleti ya Uingereza ana muda uliohesabiwa kuanzia siku ya kwanza. Mkataba wa miaka 99 ulioanza mwaka 1985 unamalizika mwaka 2084, awe ameununua mtu jana au ameurithi kwa mama yake, na kila mwaka unaopita humwondolea mpangaji sehemu ya mali yake na kumwongezea mwenye ardhi ya kwake, bila yeyote kati yao kufanya lolote. Muda ukiisha, fleti hurudi kwa mwenye ardhi. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 1989 humruhusu anayeishi humo aendelee kukaa kwa kulipa kodi ya soko, kwa hiyo hatupiwi vyombo nje siku hiyo, lakini mali aliyoinunua inakuwa imekwisha.

Mfumo huu haukudumu kwa sababu ya ukaidi wa Waingereza peke yake. Kwa mujibu wa kanuni ya zamani ya sheria yao, mtu anapouza ardhi anayoimiliki moja kwa moja, ahadi ya kutenda jambo, kama vile kukarabati paa au kuchangia gharama za ukuta wa pamoja, haimfungi mnunuzi anayefuata. Na Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, liliithibitisha kanuni hiyo mwaka 1994 katika kesi iliyohusu paa linalovuja. Katika jengo lenye fleti 40 kanuni kama hiyo ni balaa, kwani anayeishi ghorofa ya chini angeweza kukataa kuchangia lifti na asishtakiwe. Ahadi zilizomo katika mkataba wa upangaji, kwa upande wake, humfuata kila anayeushika mkataba huo, na ndiyo maana wajenzi wakauchagua. Mfumo mbadala wa umiliki wa pamoja, ambao kila mkazi humiliki fleti yake bila ukomo na sehemu za pamoja humilikiwa na chama chao, ulianzishwa na sheria ya mwaka 2002 lakini umetumika katika majengo machache mno. Uskoti, kinyume chake, ilipiga marufuku upangaji wa makazi unaozidi miaka 20 tangu mwaka 1974, na fleti za Edinburgh na Glasgow hazikuporomoka kwa sababu hiyo.

Haki ya kuongeza muda haikutolewa kwa hisani. Katika mabonde ya Wales Kusini, familia za wachimba makaa ya mawe zilikuwa zimejenga au kununua nyumba juu ya viwanja vilivyokodishwa kwa miaka 99 katika nusu ya pili ya karne ya 19, na mikataba hiyo ilipoanza kufikia kikomo katikati ya karne ya 20, wajukuu wakajikuta wakitakiwa kukabidhi nyumba ambazo babu zao walizilipia. Manung'uniko yao yalilifikisha Bunge kwenye sheria ya mwaka 1967, iliyowapa wapangaji wa nyumba zisizo fleti haki ya kununua ardhi au kuongeza miaka 50. Wenye ardhi wakubwa wa London hawakuikubali kwa moyo mweupe: wadhamini wa mali ya Duke wa Westminster, ambaye ukoo wake wa Grosvenor unamiliki sehemu kubwa ya Mayfair na Belgravia, waliipeleka Uingereza mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya wakidai kwamba wamenyang'anywa mali, na mwaka 1986 wakashindwa. Wakazi wa fleti walibaki nje ya sheria hiyo hadi mwaka 1993, Bunge lilipotunga sheria iliyowapa nao haki yao, na Duke huyo akakihama chama cha Conservative kwa hasira. Ni vizuri msomaji akumbuke mvutano huu, kwa kuwa bado haujaisha.

Sheria ya mwaka 1993 inasema kwamba mwenye fleti ambaye mkataba wake ulitolewa kwa zaidi ya miaka 21 anaweza kumlazimisha mwenye ardhi ampe mkataba mpya unaoongeza miaka 90 juu ya ile iliyosalia, na kuanzia hapo pango la ardhi, yaani kodi ya kila mwaka anayotozwa mpangaji kwa ajili ya kiwanja, hushuka hadi sifuri. Mwenye miaka 70 hupata 160. Mpangaji hahitaji kueleza sababu, wala mwenye ardhi hawezi kukataa kwa kuwa tu hataki, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria. Zamani ilimpasa mpangaji awe ameimiliki fleti kwa miaka 2 kabla ya kudai haki hii, lakini sharti hilo liliondolewa tarehe 31 Januari 2025, kwa hiyo hata aliyenunua mwezi uliopita anaweza kuanza.

Haki hiyo hulipiwa, na hapa ndipo penye fumbo linalowatoa watu jasho. Bei yake hujengwa kwa sehemu tatu. Ya kwanza ni fidia ya pango ambalo mwenye ardhi hatalipata tena, likikusanywa na kugeuzwa kuwa kiasi cha fedha kinacholipwa leo. Ya pili ni fidia ya kusubiri: mwenye ardhi alikuwa arudishiwe fleti baada ya, tuseme, miaka 79, na sasa itambidi asubiri 169, kwa hiyo hulipwa thamani ya leo ya kile alichokitarajia. Kwa kuwa fedha ya kesho haina uzito wa fedha ya leo, thamani ya fleti hupunguzwa kwa asilimia 5 kwa kila mwaka wa kusubiri, kiwango kilichowekwa na baraza la ardhi mwaka 2006 katika shauri mashuhuri la wenye ardhi wa Chelsea, ukoo wa Cadogan, na ambacho wathamini wamekifuata tangu hapo. Ya tatu ni ile inayoitwa thamani ya muungano. Kama vile vipande viwili vya doti ya khanga vinavyouzwa ghali zaidi vikiwa pamoja kuliko kila kimoja kikiuzwa peke yake, haki ya mpangaji mwenye miaka michache na haki ya mwenye ardhi huwa na thamani kubwa zaidi zinapounganishwa, na sheria huigawa faida hiyo nusu kwa nusu. Hata hivyo, kama mkataba una zaidi ya miaka 80 iliyosalia, thamani ya muungano huhesabiwa kuwa hakuna.

Mfano mmoja utaonyesha uzito wa mstari huo wa miaka 80. Ichukuliwe fleti ambayo ingeuzwa pauni 300,000 kama ingekuwa na mkataba mrefu, na ambayo hutozwa pango la pauni 100 kwa mwaka lisilopanda. Ikiwa imebakiza miaka 81, fidia ya pango, ikihesabiwa kwa kiwango cha asilimia 7, ni kama pauni 1,420, na fidia ya kusubiri ni kama pauni 5,690, jumla ikawa takriban pauni 7,100. Mpangaji akingoja miaka 2 tu, hadi ibaki 79, fidia hizo mbili hupanda kidogo na kufika kama pauni 7,700. Lakini sasa mlango wa thamani ya muungano umefunguka. Ikikubaliwa kwamba fleti hiyo, kwa muda wake mfupi, ingeuzwa pauni 281,000, faida ya kuunganisha haki mbili ni kama pauni 11,300, na nusu yake, karibu pauni 5,650, huongezwa juu ya bei. Jumla inakuwa zaidi ya pauni 13,300. Bei imekaribia kuongezeka maradufu ndani ya miezi 24, wakati fleti, jirani na barabara ni vile vile. Chini ya hapo kila mwaka huuma zaidi, na ugomvi wa wathamini huhamia kwenye swali la fleti yenye muda mfupi ingeuzwa bei gani hasa, jambo lisilo na jibu moja, kwa sababu fleti mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa miaka ya mkataba hazipatikani sokoni kwa urahisi.

Kuna kundi ambalo mstari huo unalihusu sasa hivi kuliko wakati mwingine wowote. Sheria ya makazi ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji wa nyumba za serikali za mitaa haki ya kuzinunua kwa punguzo, na fleti zikauzwa kwa kawaida kwa mikataba ya miaka 125 yenye pango lisilozidi pauni 10 kwa mwaka. Waliotia sahihi mwanzoni kabisa waliona miaka 125 ni kama milele. Lakini mkataba ulioanza mwaka 1980 unaisha mwaka 2105, maana yake mwaka 2025 ulibakiza miaka 80. Zaidi ya hapo, sheria iliruhusu fleti zilizouzwa baadaye katika jengo hilo hilo zipewe mkataba unaoisha siku moja na ule wa kwanza, kwa hiyo aliyenunua kwa halmashauri mwaka 1995 anaweza kuwa alipewa miaka 110 tu huku akiamini kwamba ana 125. Fleti hizi za zamani za halmashauri ndizo ambazo wahamiaji wengi wameweza kuzimudu, na wengi wao hawajafungua bahasha ya mkataba tangu siku ya kununua.

Anayeamua kudai haki yake huanza kwa mthamini mwenye uzoefu wa kazi hii mahususi, na wakili vivyo hivyo, kwani tarehe za sheria hii hazisameheki. Wakili humpelekea mwenye ardhi notisi ya kifungu cha 42, inayotaja fleti, mkataba, bei ambayo mpangaji anapendekeza, na siku ya mwisho ya kujibu, ambayo haiwezi kuwa chini ya miezi 2 mbele. Bei hiyo inaweza kuwa ya chini, kwa kuwa ni mwanzo wa mazungumzo, lakini isiwe mzaha: mwaka 1998 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha notisi iliyopendekeza pauni 100 tu kwa mkataba wa thamani kubwa huko London. Jambo la maana kuliko yote ni kwamba bei huhesabiwa kwa hali ilivyokuwa siku ya notisi, hata kama mabishano yatachukua miaka 2. Anayetuma notisi akiwa bado na miaka 80 na wiki kadhaa ameushika mstari, na ucheleweshaji wa upande wa pili hauwezi kumvusha.

Baada ya kupokea notisi, mwenye ardhi anaweza kudai amana ya asilimia 10 ya bei iliyopendekezwa au pauni 250, ile iliyo kubwa, kisha hutoa notisi yake ya majibu akikubali haki hiyo na kutaja bei yake, ambayo mara nyingi huwa juu sana. Asipojibu kwa wakati, mpangaji anaweza kwenda mahakamani na kupewa mkataba kwa masharti aliyoyapendekeza mwenyewe, na hilo huwapata hata wenye ardhi wakubwa. Akijibu, pande mbili hujadiliana, na zisipokubaliana ndani ya miezi 2, mpangaji anaweza kulipeleka shauri kwenye baraza la mali, lakini ni lazima afanye hivyo kabla ya miezi 6 kupita tangu notisi ya majibu. Akiuacha muda huo upite, notisi yake huhesabiwa kuwa imeondolewa, hawezi kutuma nyingine mpaka miezi 12 iishe, na thamani huhesabiwa upya kwa muda uliopungua. Mashauri mengi humalizwa nje ya baraza, kwa bei iliyo kati ya mbili. Chini ya utaratibu wa mwaka 1993, mpangaji pia hulipa gharama za kisheria na za uthamini za mwenye ardhi, jambo linalowaudhi wengi na kwa haki, maana ni nadra sokoni mnunuzi kumlipia muuzaji wakili wa kumpandishia bei.

Ipo njia nyingine, ya maelewano nje ya sheria, ambayo huja kwa barua ya upole: mwenye ardhi anajitolea kurudisha muda hadi miaka 99 au 125 kwa bei inayoonekana nafuu, na mambo yaishe haraka. Njia hii si haramu, na mara nyingine hufaa, lakini mitego yake ni ya kawaida sana. Tangu tarehe 30 Juni 2022, sheria inakataza pango katika mikataba mipya mingi ya makazi, ila katika maelewano ya hiari pango la zamani linaweza kuendelea kutozwa katika ile miaka iliyokuwa imesalia, na baadhi ya mikataba ina kifungu cha kulipandisha maradufu kila miaka 10. Pango la pauni 250 likipanda hivyo hufika pauni 8,000 kwa mwaka baada ya miaka 50, na benki zikikiona kifungu hicho hukataa kumkopesha anayetaka kununua. Anayepewa barua ya aina hii alinganishe miaka, pango na bei na kile ambacho sheria ingempa bila kuomba hisani.

Juu ya haya yote imekuja sheria mpya, iliyotiwa sahihi ya kifalme tarehe 24 Mei 2024. Kwa mujibu wake, mpangaji ataongezewa miaka 990 badala ya 90, thamani ya muungano itafutwa kabisa, viwango vya kukokotoa bei vitawekwa na serikali badala ya kugombaniwa na wathamini, na kwa kawaida mpangaji hatalipa tena gharama za mwenye ardhi. Kundi la wenye ardhi, wakiwemo Cadogan na, kwa mara nyingine, Grosvenor, lilikwenda Mahakama Kuu kwa hoja ileile ya mwaka 1986 kwamba wananyang'anywa mali, na Oktoba 2025 likashindwa. Hata hivyo, hadi mwisho wa mwaka 2025 vifungu hivyo vya bei vilikuwa havijaanza kutumika, kwa kuwa kila kimoja husubiri tangazo na kanuni za serikali. Sheria imepita, lakini bei inayolipwa imebaki ile ya zamani, na mamilioni ya watu wameachwa wakisubiri huku miaka yao ikipungua.

Afrika Mashariki si geni kwa hesabu hizi, kwa kuwa mikataba ya miaka 99 na 999 ililetwa Kenya na utawala wa Waingereza hao hao, kwa sheria za ardhi za mwaka 1902 na 1915. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliwawekea wasio raia ukomo wa miaka 99, na nchini Tanzania, ambako ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, hati ya kumiliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Lakini katika nchi hizo aliye upande wa pili wa hati za namna hiyo kwa kawaida ni dola, ilhali mpangaji wa Uingereza hukabiliana na kampuni binafsi iliyonunua ardhi hiyo kwa ajili ya faida, na ndiyo maana haki yake ililazimika kuandikwa kwa undani namna ile.

Kwa sasa mwenye fleti ya aina hii hana budi kujua mambo mawili. Idadi ya miaka na siku ya kuanza kuhesabiwa zimeandikwa katika mkataba na katika daftari la serikali la ardhi, ambalo nakala yake hupatikana kwa ada ndogo, na siku hiyo ya kuanza mara nyingi si siku ya ununuzi bali ni tarehe ya kizamani kama 25 Machi au 24 Juni ya mwaka jengo lilipokamilika. Mwenye zaidi ya miaka 90 anaweza kuingoja sheria mpya bila hasara kubwa. Aliyekwisha shuka chini ya 80 na hana haja ya kuuza wala kukopa anaweza naye kuingoja, kwa kuwa yeye ndiye atakayenufaika zaidi thamani ya muungano itakapofutwa, mradi ajue kwamba benki nyingi husita muda ukikaribia miaka 70. Lakini mwenye miaka 81 au 82 asiingoje serikali: atume notisi yake mapema.